Mkubwa wa kabine ameandika «Wapi?» tu

Swali: «Jambo yaya. Mimi ni stajieri, wakili anayejifunza kazi, wa mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi. Juzi niliandika konklizio (maandishi ya hoja zetu kwa korti) ya kesi ya kiwanja, nikaweka hukumu tano za kutusaidia. Majina ya kesi niliyaandika kwa herufi za mlazo na mwaka nikautia kwenye mabano ya mraba, kama nilivyoona mawakili wa Kenya na Tanzania wakifanya. Mkubwa wa kabine, ofisi yetu ya mawakili, amenirudishia karatasi zimejaa wino mwekundu, na pembeni ya kila hukumu ameandika neno moja: “Wapi?” Naogopa kumuuliza. Hukumu inatajwa vipi sawasawa kwenye karatasi za korti zetu?»

Mdogo wangu, jambo sana. Neno hilo limekuuma, lakini ni neno zuri. Mkubwa wako hakugombana na herufi zako za mlazo. Ameuliza kitu ambacho hakimu atakiuliza kimoyomoyo, na wakili wa upande wa pili atakiuliza kwa sauti: hukumu hii iko wapi? Nikimtuma mtu sasa hivi na karatasi yako mkononi, aende grefu (ofisi ya karani) ya korti gani, afungue daftari gani, asome ukurasa upi? Hukumu iliyotajwa vizuri ni ile ambayo hata mtu asiyekupenda anaipata bila kukupigia simu.

Tuanze na hayo mabano ya mraba, maana hayakukosea njia, yamekosea nyumba tu. Mtu wa Nairobi akiona [2019] eKLR anajua hukumu imo kwenye hazina ya mtandaoni ya Kenya, ya mwaka huo, na akitafuta jina la kesi ataikuta. Akiona TZCA baada ya mwaka, anajua ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na namba inayofuata ni ya hukumu yenyewe. Ukivuka Kasumbalesa, mambo ni hayo hayo: ZMSC ni Mahakama ya Juu ya Zambia. Kule hukumu ya korti ya juu inaifunga ya chini, kwa hiyo kesi zinaitwa kwa majina kama watu wa ukoo, na kila moja ina anwani yake. Sisi tulirithi njia ya Wabelgiji. Soma kifungu cha 153 cha Katiba ya 18 Februari 2006: hakimu anatumia mikataba iliyoidhinishwa, sheria, maagizo ya serikali yasiyopingana na sheria, na desturi isiyovunja utulivu wa umma wala maadili. Hukumu za zamani hazimo katika orodha hiyo. Zinasaidia kuonyesha jinsi sheria ilivyosomwa na wengine, na hakimu mwerevu huzisikiliza, ila anwani yake siyo jina la mtu. Anwani yake ni korti, tarehe, na namba ya daftari. Ukiweka mabano ya mraba kwenye hukumu ya tribunal de grande instance ya hapa, unamwelekeza msomaji kwenye kabati ambalo halipo.

Sasa chukua expédition, ile nakala yenye mhuri wa grefu, uiweke mezani. Usichukue foto ya WhatsApp iliyokatwa pembeni, chukua nakala kamili. Juu utaona korti ikijitaja yenyewe: tribunal fulani, «y siégeant en matière civile au premier degré», ametoa hukumu ifuatayo. Kisha «audience publique du» na tarehe. Kisha namba, R.C. (daftari la kesi za madai) na tarakimu zake. Kisha «en cause» na jina la mdai, «contre» na jina la mdaiwa. Vyote unavyohitaji vimo kwenye hiyo nusu ukurasa ya kwanza, na kazi yako ni kuvishusha kwa mpangilio usiobadilika. Kwa mfano, namba na majina nikiyaacha matupu:

T.G.I. Lubumbashi, 14 mars 2019, R.C. 00.000, A. c/ B., inédit, 6e feuillet.

Hayo tu. Mwanzo wapi, halafu lini, halafu daftari, halafu nani na nani, halafu imechapishwa au la, halafu ukurasa. Kabine nyingine hutanguliza namba kabla ya tarehe. Sina ugomvi nao, mradi wakianza hivyo wamalize hivyo. Kinachoudhi ni konklizio moja yenye mitindo mitatu: hakimu anajua papo hapo kwamba umekusanya vipande kutoka kazi za watu watatu.

Korti kwanza, kwa sababu namba bila korti ni kama kusema «niko nyumba namba 12» bila kutaja avenue. Kila grefu ina daftari lake la R.C. Lubumbashi inayo, Likasi inayo, Kolwezi inayo, na namba zinaweza kufanana. Halafu kesi ikipanda, namba inabadilika. Ile iliyoanza R.C. kwenye tribunal inakuwa R.C.A. kwenye korti ya rufani. Ya jinai inaanza R.P., ikipanda inakuwa R.P.A. Na hapa wanafunzi wengi wa Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu, huteleza: R.M.P. siyo namba ya hukumu, ni namba ya dosye (faili) ya parke, ofisi ya mashtaka. Mara nyingi zinaandikwa pamoja, R.P. na R.M.P., hasa kwenye hukumu za kijeshi, na ni vizuri kuziweka zote mbili. Ukiweka R.M.P. peke yake, umemtuma msomaji kwa mwendesha mashtaka wakati hukumu iko kwa grefye, karani wa korti. Kesi za kazi na za biashara zina herufi zake. Usizikisie kwa kuwa ulishaona fulani mahali fulani, nakili zilizo juu ya expédition, herufi kwa herufi. (Na ukifungua mikataba ya kampuni za zamani ukakuta «R.C. Lubumbashi» na namba, usikimbilie grefu ya madai. Pale R.C. ni daftari la biashara, lile ambalo leo ni RCCM.)

Tarehe ni ile ambayo hukumu ilisomwa hadharani. Naisisitiza kwa sababu expédition moja inaweza kubeba tarehe nne: siku kesi ilipochukuliwa «en délibéré», yaani kwenda kuamuliwa, siku hukumu iliposomwa, siku grefye alipotia sahihi nakala, na siku huissier alipompelekea mshindwa. Ya mwisho ina uzito wake, maana siku 30 za rufani kwenye kesi za madai zilizoamuliwa mbele ya pande zote mbili zinahesabiwa kutoka hapo. Lakini hukumu inaitwa kwa siku iliyosomwa. Nimeshaona konklizio ikitaja hukumu moja mara mbili, ukurasa wa 3 kwa tarehe ya kusomwa na ukurasa wa 8 kwa tarehe ya mhuri, na mwandishi mwenyewe akaamini ana hukumu mbili.

Kuhusu jina la kitu chenyewe: tribunal hutoa jugement, cour hutoa arrêt, prezida akiamua peke yake hutoa ordonnance. Kwa Kiswahili zote tunaziita hukumu na hatukosi kuelewana nyumbani. Ukimwandikia mteja wako wa Kamalondo barua ya Kiswahili, mwambie «hukumu ya fulani dhidi ya fulani», atakuelewa. Lakini kwenye karatasi inayoingia kortini iache kwa Kifaransa kama ilivyo, na hiyo «c/» usiigeuze.

Majina yenyewe yana mtego mdogo. Kwenye rufani, aliyekata rufani ndiye anayetangulia. Kwa hiyo A. c/ B. ya chini inaweza kuwa B. c/ A. ya juu, na ni kesi ile ile. Ukitaja zote mbili ziunganishe kwa maneno ya wazi: jugement ya tarehe fulani, iliyothibitishwa na arrêt ya tarehe fulani. Kama ilivunjwa, sema ilivunjwa. Kutaja hukumu ya chini ukanyamaza kwamba korti ya juu imeitengua, hilo si kosa la uandishi tena, ni jambo la kuulizwa na bâtonnier, mkuu wa chama cha mawakili. Kwenye jinai andika M.P. (ministère public, upande wa mashtaka) c/ na jina la mshtakiwa. Na kesi za ubakaji au za watoto, majina ya wahanga yawe herufi za mwanzo tu, hata kama hukumu uliyoshika imeyaandika yote. Sheria n° 06/019 ya 20 juillet 2006 inamtaka hakimu alinde faragha ya mhanga, na sisi hatuwezi kuja nyuma yake tukaimwaga kwenye konklizio inayopita mikono kumi.

«Inédit» maana yake haijachapishwa popote, na hukumu zetu nyingi ni hizo. Ukiandika inédit umekiri kwamba msomaji hawezi kuikuta maktaba, basi una deni la kumpa. Weka nakala kwenye dosye ya vielelezo, uipe cote, yaani namba ya kielelezo, na uitaje palepale: «inédit, cote 17». Mpe na mwenzako wa upande wa pili. Na ukurasa? Hukumu zetu zinahesabiwa kwa feuillet, zimeandikwa juu kwa maneno, «deuxième feuillet», «sixième feuillet». Tumia hizo hizo, usihesabu kurasa za fotokopi yako, kwa sababu fotokopi ya mwenzako ilichapwa pande mbili na yako upande mmoja. Hukumu yenye feuillet 22 bila kusema ipi unayoitegemea ni kumwambia hakimu asome zote, na hatasoma.

Zilizochapishwa ni chache lakini tamu. Za Cour suprême de justice zilitoka kwenye Bulletin des arrêts, kwa kifupi B.A., mwaka na ukurasa. Angalia, B.A. kwenye vitabu vya wakati wa ukoloni ni Bulletin administratif, kitu kingine kabisa, chenye maagizo ya serikali na siyo hukumu. Mwaka ndio utakaokuokoa: Cour suprême haikuwepo enzi za Mbelgiji. Na hapa mji wetu una haki ya kujivuna kidogo. Ile R.J.C.B. unayoiona chini ya kurasa za vitabu vyote vya zamani, Revue juridique du Congo belge, ilitolewa hapa hapa, mji ulipoitwa Élisabethville. Ukikuta «Élis.» na tarehe, ni korti ya rufani ya mji huu. «Léo» ni ya Kinshasa. Usizifanyie ukarabati. Hukumu ya 1948 ilitolewa na korti ya Élisabethville, kwa hiyo inabaki Élis., hata kama jengo ni lile lile unalopita kila siku. Jina la korti ni lile la siku ya hukumu. Ndiyo maana arrêt ya miaka ya themanini haiwezi kuwa «Cass.», ni C.S.J. Katiba ya 2006 ndiyo iliyoigawa Cour suprême kuwa tatu, Cour constitutionnelle, Cour de cassation na Conseil d'État, na Cour constitutionnelle ilianza kazi 2015 tu. Kabla ya hapo, hata mambo ya Katiba yaliamuliwa na C.S.J.

Mfano wa kweli, unaotugusa watu wa Katanga, kwa sababu ulihusu uchaguzi wa magavana wa mikoa mipya baada ya Katanga kukatwa vipande vinne: C. const., 8 septembre 2015, R.Const. 0089/2015. Ona mwaka ulivyo ndani ya namba. Hapo huhitaji jina la mtu hata moja. Na hii, tofauti na nyingine, inafunga kila mtu, kifungu cha 168 kimesema hivyo. Ukiwa nayo itangulize, usiizike katikati ya jugement tano za tribunal de paix.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilitaja arrêt ya C.S.J. niliyoikuta chini ya ukurasa wa kitabu kimoja cha sheria ya ardhi. Tarehe ilikuwepo, namba ilikuwepo, sentensi ilipendeza mno. Sikuwahi kuishika hukumu yenyewe. Mwenzangu wa upande wa pili, mzee wa watu, akasimama siku ya audience, kikao cha korti, na fotokopi yake, akasoma polepole. Ilikuwa kesi ya talaka. Mwandishi wa kitabu alikuwa ameruka mstari kwenye namba, nami nikambeba na kosa lake mgongoni. Hakimu hakusema kitu, aliandika tu. Tangu siku hiyo, kama sijaishika hukumu kwa mkono naandika «cité par», kisha mwandishi, kitabu na ukurasa. Inapunguza uzito, ni kweli, lakini ni uzito ambao sikuwa nao tangu mwanzo.

Leo stajieri wana hatari mpya, ya programu za simu zinazokuandikia konklizio nzima kwa dakika moja. New York, 22 Juni 2023, katika kesi ya Mata v. Avianca, hakimu aliwatoza mawakili dola 5.000 kwa sababu walitaja kesi sita zilizobuniwa na programu kama hiyo: majina, tarehe, namba, vyote safi kabisa, na hakuna hata moja iliyowahi kuwepo. Kule hakimu alitafuta kwenye kompyuta akakosa. Kwetu hukumu nyingi ziko kwenye makabati ya grefu, zimefungwa kamba, kwa hiyo uongo unaweza kuishi muda mrefu zaidi kabla ya kukamatwa. Hukumu yoyote ambayo simu imekupa, ichukulie kama uvumi wa sokoni hadi uione mhuri.

Za nje nitapita haraka, kesi yako haizihitaji. CCJA ya Abidjan, korti ya pamoja ya OHADA, utakutana nayo kila ukigusa kampuni au ukamataji wa mali, kwa sababu OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, inatuhusu tangu 12 Septemba 2012: andika CCJA, chambre, namba ya arrêt, tarehe, majina, na usisahau kifungu cha acte uniforme (sheria ya pamoja ya OHADA) kilichofafanuliwa. Korti ya La Haye ya jinai ina namba ndefu zinazotisha lakini zinasomeka. ICC-01/04-01/06-2842 ni hukumu ya Lubanga ya 14 Machi 2012: 01/04 ni faili la Kongo, la kwanza kufunguliwa mwaka 2004, 01/06 ni kesi ya kwanza ya 2006, na 2842 ni karatasi yenyewe ndani ya dosye. Ukiacha hiyo 2842 umetaja kesi yote badala ya hukumu. Ile nyingine ya La Haye, ya mataifa, hutajwa kwa kitabu chake: Activités armées sur le territoire du Congo (République démocratique du Congo c. Ouganda), arrêt, C.I.J. Recueil 2005, p. 168. Hapo «c.» haina mkwaju, ni mtindo wao, uuache hivyo.

Lakini nikiangalia kesi yako ya kiwanja, nasikia shaka kwamba umeanza na hukumu kabla ya sheria. Geuza. Kwetu kinachoweza kukuangusha kweli ni sheria iliyotajwa vibaya. Ukifika Cour de cassation na sababu isiyoonyesha ni kifungu gani kimevunjwa, haitapokelewa, hata kama una haki. Kwa ardhi, kifungu kinatajwa na sheria yake nzima mara ya kwanza: article 227 de la loi n° 73-021 du 20 juillet 1973 portant régime général des biens, régime foncier et immobilier et régime des sûretés, telle que modifiée par la loi n° 80-008 du 18 juillet 1980. Baadaye andika «loi foncière» tu. Ile «telle que modifiée et complétée à ce jour» tunaipenda sana kwa sababu inatuokoa kutafuta sheria iliyobadilisha ni ipi, na hakimu anajua hivyo. Nakili na alama zake: ya 1973 ina kistari, ile ya 2013 ya mpangilio wa korti zetu ina mkwaju na herufi, n° 13/011-B. Watu huiacha hiyo B kana kwamba ni doa la wino.

Baada ya kifungu ndipo hukumu inaingia, kuonyesha kwamba kifungu hicho kilisomwa hivyo kwenye kesi inayofanana na yako. Inayofanana, nasema. Kama yako inahusu certificat d'enregistrement (hati ya kiwanja) iliyopatikana kwa udanganyifu, ile miaka miwili ya kuishambulia iliyo kwenye kifungu cha 227, hukumu ya mpaka wa ukuta kati ya majirani haina kazi hapo, hata ingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Mbili zinazofanana zinashinda tano za kujaza ukurasa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika zako tano kwenye karatasi moja, kila moja na korti, tarehe na namba, hata kama kuna tundu. Nenda grefu asubuhi mapema, kabla ya audience kuanza, maana baada ya hapo grefye hana muda na wewe. Omba nakala, lipa kinachotakiwa, dai risiti. Ukirudi nazo, soma kila moja hadi «par ces motifs», pale uamuzi wenyewe unapoanza. Utakayoikosa, ifute. Kisha mpelekee mkubwa wako, na pembeni ya kila «Wapi?» yake andika namba ya cote.

Ah, herufi za mlazo. Muulize yeye, ndiye mwenye kabine. Kwangu tunalaza jina la jarida na maneno ya Kilatini, basi.